Magongo yake ameyatia wapi?

BARUA

Assalamu alaykum, Shangazi.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya msingi hapa Lamu. Tafadhali usitaje jina langu wala mtaa wangu. Mji wetu unaujua: mtu akipiga chafya Mkomani, wa Langoni anamjibu yarhamukallah.

Dadangu mkubwa ana mtoto wa kiume wa miaka 12 mwenye mtindio wa ubongo. Miguu yote miwili imekaza, lakini kichwa chake kizima. Kwa hesabu ananishinda hata mimi, na kitabu akikishika leo, kesho amekimaliza. Hutembea kwa magongo mawili ya alumini, yale ya kushika mkononi, na huvaa spilinti za plastiki ndani ya viatu. Babake yuko Mombasa kikazi, kwa hivyo amelelewa na sisi wawili. Ananiita mama mdogo, nami namwita mwanangu. Kila Alhamisi jioni, chuo cha Kurani kikishafungwa, alikuwa akija kwangu tukasoma pamoja.

Kwa miaka mitatu nimeandika riwaya ya watoto wa miaka 9 hadi 12. Nilichoka na hadithi ambazo mtoto mlemavu huombewa dua sura ya kwanza na kusahauliwa sura ya tatu. Mhusika wangu ni Famau, miaka 11, magongo mawili, mamake muuza mahamri kama dadangu. Mswada una sura 21 na maneno kama 38,000. Mhariri wa kampuni moja ya vitabu jijini Nairobi ameupenda na anataka jibu langu kabla ya mwezi ujao kwisha. Ameomba mambo mawili: mwisho usiguswe, na sura ya nne itiwe machozi zaidi.

Sura ya nne ni hii. Famau yuko chuoni, anachelewa kufika chooni, kanzu inalowa. Usiku mamake anaifua huku analia na kumwambia dadake, "Bora Mungu angemchukua mapema." Jambo la kanzu lilitokea mwaka juzi. Maneno aliyasema dadangu kweli, jikoni, tukiwa wawili peke yetu, mtoto akiwa na miaka miwili. Nimeyaunganisha tu.

Mwisho ni siku ya mashindano ya majahazi. Mwezi mpevu ulikuwa jana yake. Ni saa nne asubuhi, maji yamejaa pomoni. Mtoto mdogo anaanguka kutoka gatini. Famau anatupa magongo, anaruka, anamwokoa, na akitoka majini anatembea kwa miguu yake hadi kwa mamake, vigelegele vikipigwa.

Nilimsomea mtoto sura tatu za mwanzo, kisha nikaruka nikamsomea ya mwisho. Nilitazamia afurahi. Alinyamaza, halafu akaniuliza, "Na magongo yake ameyatia wapi?" Nilimwambia ameyaacha, hayahitaji tena. Akasema, "Yalielea au yalizama?" Sikuwa na jibu. Jioni hiyo nikampa mswada ampelekee mamake, ukakaa kwao siku tatu.

Dadangu aliurudisha mwenyewe. Aliuweka mezani, ukurasa wa sura ya nne umekunjwa, akasema, "Umenitoa barazani bila buibui," akaondoka. Tangu siku hiyo mtoto haji Alhamisi.

Shangazi, majina yote nimebadilisha. Nimeahidi nusu ya mrabaha iende kwa mazoezi ya miguu yake. Mume wangu anasema niuache mswada. Mwalimu mwenzangu anasema mficha uchi hazai, nichapishe, watoto wengi wenye hali hii hawajawahi kujiona kitabuni. Mkataba sijautia sahihi. Nifanyeje?

Mama Mdogo, Lamu


JIBU LA SHANGAZI

Waalaykum salaam, mwanangu.

Nikueleze kwanza nilivyolielewa jambo lako, unisahihishe nikikosea. Una mswada uliokula miaka yako mitatu na mchapishaji anayeutaka kwa tarehe. Una dada aliyeumia na mtoto aliyeacha kuja. Na unaamini kwa moyo mweupe kwamba kitabu kina kheri ndani yake. Umeniuliza uchapishe au uache. Mimi naona mambo matatu yamesukwa ukili mmoja: kitabu, dadako, na mtoto. La mchapishaji ndilo linalopiga kelele kwa sababu lina tarehe, lakini nadhani ndilo jepesi kuliko yote.

Kuna mstari mmoja katika barua yako umeupita mbio, nami nimeurudia mara tatu. Mswada ulibebwa na mtoto, ukakaa kwao siku tatu. Na ni wewe uliyeniambia kwamba kitabu akikishika leo, kesho amekimaliza.

Unadhani haji kwa sababu mwisho haukumpendeza, au mamake amemkataza. Huenda ni hivyo. Lakini huenda pia ameisoma sura ya nne. Na kama ameisoma, hakusoma habari za mama wa Famau. Kanzu aliitambua kuwa ni yake. Kutoka hapo si mbali kukata shauri kwamba na maneno ni ya mamake. Ameyapata bila yale unayoyajua wewe: kwamba yalisemwa miaka kumi iliyopita, na kwamba aliyeyasema ndiye huyohuyo anayemfunga spilinti kila asubuhi. Na kwa kuwa umeyaweka usiku uleule wa kanzu, atadhani yalisemwa mwaka juzi, kwa sababu ya kanzu. Huko "kuunganisha tu" ni kazi ya kawaida ya mtunzi, lakini kwa msomaji huyu mmoja kumebadilisha tarehe ya maneno ya mamake.

Sisemi ndivyo ilivyo. Nasema hili halina budi kujulikana kabla ya lolote, na njia yake inapita kwa dadako. Maneno yale ni yake. Si wewe wa kumweleza mtoto. Mwendee dadako, umwambie hofu hii waziwazi: "Nina wasiwasi ameisoma." Huenda naye analiwazia hilo usiku na hana wa kumwambia, maana uliyekuwa wa kuambiwa ndiye uliyeandika.

Akitaka kuzungumza na mwanawe, mazungumzo mafupi hufaa kuliko mahubiri. Wakati mzuri ni wakati mikono ina kazi, kama anapomnyoosha misuli ya miguu usiku, hakuna anayelazimika kumtazama mwenzake usoni. Asianze na "Umesoma?", kwa kuwa swali hilo ni mtego, akisema ndiyo amekiri kosa, akisema hapana mlango umefungwa. Anaweza kusema tu: "Katika mswada wa mama mdogo kuna maneno niliyoyasema siku moja, wewe una miaka miwili. Nilikuwa nimechoka na sijui la kufanya. Sikutaka ufe. Nilitaka mtu anisaidie." Kisha anyamaze, aendelee na mguu mwingine.

Na kama dadako ataona bora lisitajwe kabisa? Hapo utaumia, lakini yeye ndiye mama. Mkubaliane tu mtazame dalili: akikataa mazoezi aliyokuwa akiyafanya, akiacha kumwomba mamake msaada wa choo au wa kufunga spilinti, akianza kujiita mzigo. Siku atakayosema anatamani asiwepo, hiyo si ya kungoja wala ya kukubaliana. Mpelekeni hospitali aonwe na mtu wa ushauri siku hiyohiyo.

Sasa majina. Mwanangu, hesabu mwenyewe: Lamu hii ina watoto wangapi wa kiume wa rika hilo, wenye magongo mawili ya alumini, ambao mama zao huuza mahamri? Jina ndilo kitu cha mwisho watu wa hapa wanachohitaji ili kujua ni nani. Wewe mwenyewe umeniomba nifiche jina na mtaa, nami nimeficha, ni haki yako. Mtoto hana namna ya kuniomba hivyo, kwa sababu magongo yake yanasikika kabla hajakunja kona.

Ile methali ya mwalimu mwenzako ni nzuri, ila humwambia mwenye uchi. Haijamruhusu jirani kumfunua.

Hata hivyo nakuona ulikotoka. Kwetu mtoto wa dada ni mwana, hakuna anayekuita shangazi wa mbali. Ulimkesha, ulimbeba, kwa hivyo uliona hadithi hii ni yako pia. Kwa sehemu ni kweli. Usiku uliokesha wewe ni wako: woga wako, aibu yako ulipomwonea haya mbele za watu, kama iliwahi kutokea. Mbona hayo hayamo? Katika muhtasari wako dadake mama wa Famau anasikiliza tu. Nakuuliza hili kwa upole, si kwa kukusuta, maana huenda ndiko ilikojificha sura ya nne nyingine.

Katiba ya Kenya ya 2010 nayo ina neno hapa. Ibara ya 31 inalinda mambo ya faragha ya mtu na familia yake yasifichuliwe pasipo sababu, na ya 54 inataka mtu mwenye ulemavu atendewe na kutajwa kwa namna isiyomvunjia heshima. Siyataji ili uende kortini na dadako, Mungu apishie mbali. Nayataja kwa sababu ya mkataba. Mikataba mingi ya uchapishaji ina kifungu kinachomtaka mwandishi athibitishe kwamba kitabu hakiingilii faragha ya mtu, na kwamba kesi ikizuka, gharama ni zake. Kitafute kifungu hicho kabla ya kalamu kugusa karatasi, na ujiulize kama unaweza kukitia sahihi kwa sura ya nne ilivyo leo.

Na mrabaha, usiutie chumvi. Tuseme kitabu kinauzwa shilingi 400 na fungu lako ni asilimia 10: ni shilingi 40 kwa nakala. Zikiuzwa nakala 500, ni shilingi 20,000, nusu yake 10,000, na kwa kawaida hesabu hufanywa mara moja au mbili kwa mwaka. Ni kitu, lakini si cha kutegemea kwa mazoezi ya kila wiki. Tena ahadi hiyo imeshatamkwa kabla hujapata ruhusa, na sasa dadako akikataa atakuwa kama anayemnyima mwanawe tiba. Ningekuwa wewe ningeitenga: msaada wa mazoezi utoke kwako hata kitabu kisipotoka.

Nije kwenye magongo, maana hapa ndipo nilipokaa sana.

Ulipoulizwa swali lile ulisikia huzuni. Huenda ilikuwepo. Lakini mimi nasikia pia mhariri, na mhariri mzuri kuliko yule wa Nairobi. Mtoto anayetembea kwa magongo hajui magongo "yanayotupwa". Kila usiku hujua yako wapi, kwa sababu yakiwa mbali na kitanda, choo kiko mbali pia. Na swali la kuelea au kuzama lina jibu: ya mbao huelea. Ya alumini ni mabomba yenye vitundu vya kurekebishia urefu. Maji huingia, yanazama. Famau amezamisha miguu yake, na wewe umepiga vigelegele.

Kumponya mhusika mwishoni si kosa lako wewe peke yako, ni mazoea ya zamani. Katika kitabu cha pili cha hadithi ya Heidi, cha 1881, Clara, aliyekuwa akikalia kiti cha magurudumu, anatembea kwa miguu yake mlimani Uswisi. Katika The Secret Garden ya 1911, Colin anainuka na kutembea bustanini. Vizazi vya watoto vilifunzwa hivyo kwamba hadithi ya mlemavu humalizika ulemavu unapokwisha. Waandishi wengi wa leo wameacha njia hiyo, na iko hata tuzo, Schneider Family Book Award ya chama cha wakutubi cha Marekani, inayotolewa tangu 2004 kwa vitabu vya watoto na vijana vinavyoeleza maisha yenyewe ya ulemavu. Mtindio wa ubongo hauponi kwa kuruka majini. Kwa rika la Famau, mara nyingi mwendo huwa mgumu zaidi, kwa sababu mifupa hurefuka haraka kuliko misuli iliyokaza. Mtoto wako anaujua mwili wake. Ukimwambia Famau ametembea, ama atajua unadanganya, ama atajiuliza yeye amekosa ujasiri gani.

Na kuna hatari nyingine ambayo mhariri wako pengine hajaiona. Wasomaji wa miaka 9 huiga. Hata mwogeleaji hodari hushikwa shingo na anayezama wakaenda wote. Famau anaruka akiwa na viatu na spilinti, mwili ukishtuka kwa maji, na mwili wenye hali hiyo ukishtuka hukaza. Wangekuwa maiti wawili. Lakini gongo la mkononi lina urefu wa kama mita, na juu lina kikuku cha kuingiza mkono. Famau akilala kifudifudi gatini ili asivutwe, akashika ncha ya chini na kumnyooshea yule mtoto upande wa kikuku, ndivyo mwokoaji afanyavyo: hufikisha kitu, hajitupi. Magongo yako wapi? Moja liko mkononi mwa mtoto aliyekuwa akizama.

Angalia tu lisigeuke upanga wa shujaa. Mtoto mlemavu asiyependwa mpaka aokoe maisha ya mtu ni mtego uleule, umebadilishwa kanga. Kwa hivyo pengine uokoaji wote si lazima. Ni siku ya mashindano. Kwa nini Famau yuko gatini anatazama? Usukani hushikwa kwa kukaa. Kamba ya demani, ile ya kuongozea tanga, huvutwa kwa mikono, na mikono ya mtoto aliyetembelea magongo miaka sita ina nguvu kuliko ya wenzake. Magongo hulazwa chini ya ubao wa kukalia na kufungwa kamba yasiteleze. Tatizo lake ni kuingia chomboni, na hilo ni tatizo linalotosha riwaya nzima: ngazi za gati zenye utelezi, urefu unaobadilika kwa zaidi ya mita mbili siku za bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, wenzake wanaotaka kumbeba kama gunia, na yeye anayetaka kuingia kwa mpango wake.

Hapo hapo nikukosoe. Umesema mwezi ulikuwa mpevu jana yake, na saa nne asubuhi maji yamejaa. Pwani yetu, siku za bamvua maji hujaa alfajiri na alasiri, karibu saa kumi. Saa nne asubuhi yamekupwa, ngazi zote zimeachwa wazi. Mtoto wa Lamu atakucheka ukurasa huo. Ama peleka mashindano alasiri, ama uyasogeze mbele wiki moja, siku za maji mafu yasiyojaa wala kupwa sana, ndipo utayapata yamejaa wakati wa asubuhi. Kama bamvua na saa nne vinabaki, basi maji yako chini sana na gongo halimfikii mtu.

Mambo mengine ya kupitia katika mswada kwa jicho hilohilo. Ngazi za nyumba zetu ni nyembamba na wima: Famau hushika gongo moja, mkono wa pili uko ukutani, na gongo la pili hubebwa na mtu au humngoja chini, kupanda, mguu wenye nguvu hutangulia, kushuka, gongo kwanza kisha mguu dhaifu. Punda mwenye shehena ya mchanga akija, kichochoro hakitoshi wawili, lazima ajibanze dakani, kwenye kibaraza cha mlango wa nyumba. Punda huyo akilia ghafla, miguu hukaza na anaweza kuanguka bila kuguswa na mtu. Mipira ya ncha za magongo huisha upande mmoja, na kwenye sakafu iliyolowa huteleza kama sabuni. Mchanga huingia kwenye vitufe vya kurekebishia urefu vikakwama. Spilinti kwenye joto letu huvaliwa na soksi, na alama nyekundu isiyotoweka nusu saa baada ya kuvua maana yake plastiki inabana, mtoto amekua. Hakuna hata moja kati ya haya inayohitaji machozi, na hakuna inayotoka chumbani mwa dadako. Yote huonekana njiani.

Kwa hivyo njia ulizonazo ni hizi ninazoziona mimi.

Unaweza kuchapisha ulivyo. Kitabu kitatoka kwa wakati, na huenda watoto wa Kitale na Garissa wakakipenda bila kujua lolote. Lakini kitafika Lamu pia, na siku kikifika darasani kwake, mwanao atasomewa kanzu yake na mwalimu mbele ya wenzake. Hilo halifutiki kwa toleo la pili.

Unaweza kumjenga Famau upya. Kaa na mswada na kalamu tatu. Ya buluu, pigia mstari kila lililotokea na linalojulikana na watu wote. Nyekundu, kila lililotokea na linalojulikana nyumbani tu. Kijani, ulilolibuni. Kurasa zenye nyekundu nyingi ndizo za kwanza kuvunjwa. Kisha badilisha zaidi ya jina: huenda Famau awe msichana, awe wa Faza au Malindi, mamake awe fundi wa cherehani, ndugu wawe watano. Ukishafanya hivyo sura ya nne itakufa yenyewe, maana haitakuwa na mama wa kuisema. Hasara yake ni muda, miezi minne au mitano ya jioni zako, na huenda ukahisi kitabu kimepoa. Waandishi wengi huhisi hivyo katika rasimu ya kwanza baada ya kubadilisha, kwa sababu kumbukumbu ilikuwa ikiwafanyia kazi ya kubuni.

Unaweza kumwomba mtoto awe mshauri wa kitabu, mamake akiridhia. Si kwa kutoa siri, bali kwa kukagua: ngazi, mchanga, maji, magongo. Mlipe kama unavyomlipa msomaji mwingine yeyote, hata kidogo, pesa taslimu mkononi mwake. Andikeni karatasi moja kwamba anaweza kusema "hili litoke" mpaka siku ya kwenda mtamboni, bila kutoa sababu. Hatari yake ni kwamba mtoto anayekupenda atakubali kila kitu ili usikasirike, usimuulize "Ni sawa?", muulize "Wapi nimekosea?" Na usimtegemee yeye peke yake. Tafuta watoto wengine watatu au wanne wenye hali kama hiyo, nje ya Lamu ikiwezekana, maana miguu haikazi kwa watu wote namna moja.

Au unaweza kuuweka sandukuni miaka sita, mpaka awe mtu mzima wa kujisemea. Mchapishaji huyu utampoteza. Mswada haupotei, hakimiliki Kenya hudumu maisha yako yote na miaka 50 baada yake. Lakini miaka sita ni mingi kwa mwandishi, na kuna watoto wa miaka 9 leo ambao watakuwa wamelipita rika hilo.

Njia hizi zinaweza kuchanganywa, na ipi inakufaa utaijua vizuri ukishakaa na dadako kuliko sasa.

Mhariri mwandikie wiki hii, mistari mitano tu. Mshukuru. Mwambie sura ya nne inaondoka kwa sababu ya faragha, mwisho unabadilishwa kwa sababu wasomaji wataiga kuruka, na unaomba miezi mitano. Asipokubali miezi mitano, muulize angekubali mingapi. Wahariri husogeza tarehe mara nyingi kuliko wanavyokiri, hasa kabla ya sahihi. Na akisisitiza machozi, utakuwa umejua jambo kumhusu kabla ya kufunga naye ndoa ya karatasi.

Kwa dadako nenda baada ya alasiri, kazi ya mahamri ya asubuhi ikiwa imeshamtoka mwilini. Nenda peke yako. Mswada uuache nyumbani, ila ule ukurasa uliokunjwa uuchomoe, uuchukue, umpe mkononi. Uwe wake kuuhifadhi au kuuchana, na kwenye kompyuta yako uwe umeshaufuta. Usianze na kitabu wala watoto wa Kenya nzima. Na ukimkuta mtoto barazani, akikuuliza habari za Famau, una jibu la swali lake la kuelea na kuzama. Mpe hilo kwanza.